Gari linalokula oili: dhana za gereji na ukweli wake

Dhana: Injini nzima haipunguzi oili hata kidogo.

Kila injini huchoma oili kiasi, kwa kuwa utando mwembamba lazima ubaki kwenye ukuta wa silinda ili chuma kisisagane na chuma. Kiasi hicho hupimwa, hakikisiwi: gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe na kuachwa kwa dakika 5 hadi 10, oili ijazwe hadi alama ya juu ya kijiti, kilomita ziandikwe, kisha baada ya kilomita 1,000 ipimwe oili inayohitajika kurudi kwenye alama ileile. Fundi anayetaka kufungua injini kabla ya hesabu hiyo anabahatisha kwa fedha za mteja.

Dhana: Pasipo moshi, oili haiungui.

Masega ya ekzosi (kifaa ndani ya bomba la moshi kinachosafisha gesi chafu), kama hayajang'olewa na kuuzwa, huweza kuuficha moshi kwa muda mrefu. Ukionekana, tazama unatoka wakati gani: moshi wa bluu unaofuka asubuhi gari linapowashwa kisha ukakatika huelekeza kwenye sili za vali (vizibo vidogo vinavyozuia oili isipenye kando ya vali), ilhali ule unaozidi gari linapovuta mzigo mlimani huelekeza kwenye ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni.

Dhana: Kompresheni ikiwa nzuri, ringi ni nzima.

Hili ndilo kosa linalowapoteza hata mafundi wazoefu. Pistoni ina ringi tatu, na kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, huchunguza zile mbili za juu zinazozuia gesi. Ya tatu, inayokwangua oili, inaweza kukwama kwa masizi bila kipimo kubadilika. Injini ya Toyota 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyofungwa kwenye RAV4, Alphard na Ipsum zilizojaa barabarani kwetu, inajulikana kwa ugonjwa huo, kiasi kwamba nchini Marekani Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo, kipimo cha ulaji wa oili uliopita kiasi kikiwa takriban lita 1 kwa kila kilomita 1,900.

Dhana: Oili nzito ndiyo dawa.

Hupunguza dalili tu, na injini ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili wakati wa vali kufunguka) iliyoundwa kwa oili nyepesi hucheleweshewa oili inapowashwa ikiwa baridi. Afadhali kuanza na vali ya PCV, inayorudisha gesi za ndani ya injini zikachomwe, ambayo bei yake ni ndogo: ikitolewa na kutikiswa isisikike kugonga, mara nyingi imekwama.