Gari Kutetemeka Unapokanyaga Breki: Pima Kabla ya Kununua Diski

Gari linakwenda vizuri, halina kelele. Ukikanyaga breki kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa, usukani unacheza mikononi, kisha unatulia kadiri mwendo unavyoshuka. Wengi wanaoleta gari la namna hii kwenye karakana yetu ya mafunzo huja na jibu tayari: diski za breki (sahani za chuma zinazozunguka na magurudumu) zimepinda kwa joto. Ni mara chache jibu hilo huwa sahihi.

Kwanza jua mtetemo unatoka wapi. Kama upo hata bila kukanyaga breki, angalia balansi ya magurudumu, tairi lenye uvimbe au rimu iliyopinda. Ukija kwenye breki tu na kuhisiwa usukanini, shuku breki za mbele. Ukihisiwa zaidi kwenye kiti, shuku za nyuma. Kama nyuma kuna breki za ngoma badala ya diski, huenda ngoma zimepoteza uduara. Pedali kugongagonga haraka unapofunga breki ghafla kwenye utelezi ni ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) inafanya kazi yake, wala si ubovu.

Pedi huibana diski kutoka pande mbili. Unene wa diski usipolingana mzunguko mzima, pedi husukumwa na kurudi kila gurudumu linapozunguka, na kwa kilomita 100 kwa saa gurudumu la gari dogo huzunguka kama mara 14 kila sekunde. Tofauti ya milimita 0.02 tu yaweza kuhisiwa mguuni, ilhali kwa macho huoni kitu.

Tofauti hiyo mara nyingi huanzia kwenye habu, yaani kitovu kinachofungiwa diski na gurudumu. Diski mpya ikifungwa juu ya kutu hukaa upande kidogo sana. Siku ya kwanza huhisi lolote. Lakini kila mzunguko sehemu ileile ya diski inaikwaruza pedi, hata mguu ukiwa mbali na breki, na inalika polepole. Baada ya kilomita elfu kadhaa usukani unaanza kucheza. Mwenye gari analaumu diski feki, ananunua nyingine, nayo inafungwa juu ya kutu ileile.

Kwa hiyo fundi akivua diski, omba uione habu. Isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'are, hasa kuzunguka mashina ya bolti, ambako kutu hujificha. (Vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa, si la kuvuta mapafuni.) Kisha diski ibanwe kwa nati zote, geji ya mshale (kifaa kinachoonyesha diski inavyoyumba) iwekwe kama milimita 10 kutoka ukingoni, na diski izungushwe taratibu kwa mkono. Kwa magari mengi madogo, mshale ukicheza zaidi ya milimita 0.05 diski haijakaa sawa, ingawa kipimo cha mwisho ni kile cha kitabu cha gari lako. Kabla ya kuikataa, izungushwe tundu moja mbele kwenye habu na kupimwa upya. Wakati mwingine dawa huwa ni hiyo tu. Unene nao upimwe kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo, sehemu nane.

Nati za gurudumu zikikazwa kwa bunduki ya hewa bila kipimo, huweza kuivuta diski upande. Zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Kaliperi, yaani kifaa kinachozishika pedi na kuzibana kwenye diski, nayo iangaliwe: pini zilizokauka grisi au pistoni iliyokwama huacha pedi ikiisugua diski muda wote. Dalili yake ni rimu moja kuwa ya moto kuliko mwenzake, au pedi ya ndani kuisha mapema. Bushi na boljointi (viungio vya sehemu za chini ya gari) zilizochoka hazileti mtetemo huu, ila huukuza.

Diski yaweza kukerezwa ikiwa itabaki juu ya unene wa chini ulioandikwa kwenye diski yenyewe. Zifanywe mbili za ekseli moja kwa pamoja.

Pedi mpya zizoeshwe: punguza mwendo kwa upole kutoka kilomita 60 hadi 20 kama mara kumi, bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi zipoe kila mara. Ukisimama na diski ya moto huku umekanyaga pedali, pedi huacha alama pale ilipobana, na mtetemo hurudi kupitia alama hiyo.