Wanaume wa miaka 40 kwenda juu: una mtu wa kumwambia? Maswali na majibu

Maswali haya nayapata kliniki ya presha na kisukari. Mengi wanauliza wake zao, mwenyewe kakaa pembeni anaangalia simu.

Marafiki na afya wapi na wapi? Si mambo ya wanawake hayo?
Presha haichagui. Mtu asiye na wa kuongea nae anakaa na stresi muda mrefu, usingizi unakata, presha inapanda, sukari haitulii, mwisho dawa zenyewe anaacha maana hakuna hata wa kumuuliza umemeza? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2025 imehusisha upweke na vifo kama 871,000 kwa mwaka duniani.

Mbona watu ninao, kila jioni tuko wote bar?
Sawa kaka. Ukilazwa leo, nani kati yao atajua uko wodi gani? Nani anajua kazi imeyumba? Kama jibu ni hakuna, hao ni wa kunywa nao tu. Na pombe haiondoi mawazo, inaharibu usingizi na inapandisha presha, asubuhi deni liko palepale. Grupu la WhatsApp la klipu za mpira nalo silihesabu.

Kwa nini umri huu?
Ada, nyumba haijaisha, wazazi wanaumwa, mara kupunguzwa kazi, mara talaka. Mama ana kikoba, ana jumuiya, akipata shida wenzie wanajaa sebuleni. Baba marafiki zake wote walikuwa wa kazini, kazi ikiisha na simu inanyamaza.

Si mwanaume anatakiwa avumilie tu, yatapita?
HAPANA. Hapa ndo huwa nachoka jamani. Sonona ni ugonjwa: huzuni, au kukosa hamu hata ya vitu ulivyokuwa unavipenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi. Kwa wanaume mara nyingi inajificha kwenye hasira za ovyo, pombe kuzidi, mgongo na kichwa visivyopona, nguvu za kiume kushuka, na hapo mtu anakimbilia vidonge vya barabarani badala ya kusema kinachomsumbua. Wiki 2 zikifika njoo kituo cha afya. Usisubiri mwaka uishe, usisubiri mpaka mke aondoke au upate kiharusi ndo uletwe umebebwa. Inatibika, ila tunaletewa watu wamechelewa mno. Duniani wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, halafu msibani kila mtu anasema "hakuwahi kusema kitu". Sasa angesemaje na nyie ndo mlimwambia avumilie?

Mke wangu ndo rafiki yangu, haitoshi?
Vizuri sana, ila siku mkigombana, au akitangulia yeye, utaongea na nani? Ongeza hata mmoja.

Nimepoteana na wenzangu miaka mingi, naanzaje?
Piga simu, usitume meseji. "Ndugu yangu umepotea" inatosha, hakuna atakayekucheka. Kaa baraza la kahawa, cheza bao, nenda mazoezi na maveterani Jumapili, rudi kwaya. Kuna wazee wawili kliniki kwetu wanakuja pamoja kila mwezi, wanataniana foleni nzima, mmoja akiruka dawa mwenzie anamgombeza kuliko mimi.

Rafiki yangu kasema bora afe. Nikimuuliza si nitamtia wazo?
Humtii wazo. Muulize wazi kabisa, "unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza umsikilize, usianze "mbona una watoto" wala "mwanaume gani wewe". Usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa zote karibu nae, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo! Sio Jumatatu, sio mpaka kikao cha ukoo kikae, na maombi mtafanyia njiani. Akirudi nyumbani mpigie kesho yake, na keshokutwa mpigie tena hata kama alishakwambia yuko poa.