Mrabaha au mkupuo: uamuzi wa Louisa May Alcott

Mwandishi akija ofisini kwetu na mkataba mkononi, kabla sijaufungua humuuliza: umekiuza kitabu, au umempa mchapishaji ruhusa ya kukichapa tu? Wengi hutazama dari. Basi huwasimulia habari za Mmarekani Louisa May Alcott. Wasomaji wanamjua kwa riwaya ya Little Women, ile ya mabinti wanne, Meg, Jo, Beth na Amy. Mimi, kwa kazi yangu, navutiwa zaidi na hesabu zake.

Alizaliwa 29 Novemba 1832 huko Germantown, Pennsylvania, naye pia ni mmoja wa mabinti wanne. Baba yake, Bronson, alikuwa mwalimu na mwanafalsafa, mtu wa mawazo makubwa na mfuko mtupu. Mwaka 1843 aliihamishia familia kwenye shamba la Fruitlands, Massachusetts, wakaishi kijamaa na wenzao bila kugusa nyama wala maziwa. Baridi ilipoingia, chakula kikapungua, na baada ya kama miezi saba mpango ukafa. Tangu hapo familia ilimtegemea mama, Abigail, na mabinti walipokua nao wakatoka kutafuta. Louisa alishona nguo za watu, akafundisha, akawahi hata kufanya kazi za ndani. Alipoandika habari za utumishi huo na kuzipeleka kwa mchapishaji James T. Fields wa Boston, aliambiwa hawezi kuandika, arudi kwenye ualimu. Fields akamkopesha dola 40 za kuanzishia shule.

Kitabu chake cha kwanza, Flower Fables, kilichotoka mwishoni mwa 1854, kilikuwa kimempa dola 32. Zilizomlisha hasa ni hadithi za kusisimua, zenye visasi, sumu na mapenzi ya hila, alizowauzia wenye magazeti ya wiki bila kutia jina lake, au kwa jina la A. M. Barnard. Moja ilishinda zawadi ya dola 100. Lakini hizo zilikuwa biashara ya mkupuo: unalipwa mara moja, unatoka, gazeti likiuza nakala elfu au laki wewe huna chako tena.

Desemba 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikwenda kuuguza askari Georgetown, karibu na Washington. Baada ya wiki chache akapata homa ya matumbo, akatibiwa kwa dawa yenye zebaki, na afya yake haikurudi kuwa ile ya zamani.

Mwaka 1868 Thomas Niles, wa kampuni ya Roberts Brothers ya Boston, alikuwa akimsukuma aandike kitabu cha wasichana. Hakutaka. Aliandika kwa kujilazimisha, nyumbani kwao Concord, kwenye meza ya nusu duara ambayo baba yake alimtengenezea katikati ya madirisha mawili. Alipopeleka sura 12 za mwanzo Niles aliona zinachosha, na Louisa akaandika katika shajara yake kwamba hata yeye anaona hivyo hivyo. Tarehe 15 Julai alimaliza, kurasa 402.

Kampuni ikataka kuununua mswada. Hapo ndipo Niles, mtu wa upande wa pili wa meza, alipomshauri asiuze hakimiliki bali abaki nayo. (Nimesoma mikataba mingi, wa aina ya Niles sijakutana naye.) Louisa akamsikiliza. Kitabu kilitoka mwishoni mwa Septemba, nakala zikaisha upesi, na wasomaji wakaanza kumwandikia wakitaka Jo aolewe na Laurie, kijana jirani yao katika hadithi. Alikataa kuwafurahisha: katika sehemu ya pili, iliyotoka 1869, Jo anaolewa na profesa Mjerumani, mtu mzima asiye na fedha.

Kila nakala iliyouzwa sasa ilimletea chake, yaani mrabaha. Alilipa madeni yote ya familia, akampeleka mdogo wake May Ulaya kusomea uchoraji, na Fields akarudishiwa dola zake 40.

Kuna jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Siku hizi sheria nyingi huhesabu muda wa hakimiliki kuanzia kifo cha mwandishi. Marekani ya wakati ule ilitoa miaka 28 tangu kuchapishwa, kisha nyongeza ya miaka 14, na mwandishi akiwa amekufa, nyongeza hiyo ingeombwa na mjane wake au watoto wake tu. Louisa hakuolewa wala hakuzaa. Dada yake Anna, wapwa zake, na Lulu, binti wa marehemu May aliyekuwa akimlea, wote hawakutajwa na sheria.

Basi mwaka 1887, akiwa mgonjwa, alimwasili kisheria mpwa wake John Pratt, kijana wa miaka 22 ambaye mama yake mzazi, Anna, alikuwa hai. John akawa mwana wa Louisa kwenye karatasi, ili aweze kuomba nyongeza na mapato yaendelee kuifikia familia.

Bronson alifariki 4 Machi 1888. Louisa alimfuata siku mbili baadaye, akiwa na miaka 55. Muda wa kwanza wa Little Women ulikuwa umebakiza miaka minane.