Eviota sigillata, gobi mwenye siku 59 za kuishi

Gobi huyu, samaki mdogo wa kwenye matumbawe, hafiki hata sentimita 3, na hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo ambaye imethibitishwa ana maisha mafupi kama yake. Watafiti Martial Depczynski na David Bellwood waliwapima umri gobi wa Kisiwa cha Lizard, kwenye miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef, Australia, na mwaka 2005 wakatangaza kuwa aliyeishi sana alifikisha siku 59.

Umri husomwa kwenye vijiwe vya sikio, vinavyoongeza pete moja kila siku. Kijiwe hubandikwa kwenye kioo cha hadubini, kisha husuguliwa kwa msasa laini sana mpaka kiini kionekane. Kazi nyingi huharibikia hapa: ukizidisha kusugua, kiini na pete za mwanzo hupotea, na samaki anahesabiwa umri pungufu.

Pete hizo zinaonyesha kwamba wiki tatu za kwanza kifaranga huelea baharini. Akishatua mwambani hupevuka ndani ya wiki moja au mbili, na utu uzima wake hauzidi wiki tatu na nusu. Jike hutaga mayai kama 400 maishani mwake, akiyagawa kwa mikupuo michache. Dume huyalinda mpaka yaanguliwe, na kwa maoni yangu ulinzi huo ndio unaoifanya idadi ndogo hivyo itoshe.

Hukaa mchangani na kwenye vifusi kandokando ya matumbawe. Mwili wake unapitisha mwanga, na madoa meusi yamepangika kufuata uti wa mgongo, kwa hiyo mzamiaji anayehesabu kwa macho humpita tu. Njia ninayoiamini ni mafuta ya karafuu, ambayo humtia samaki ganzi. Changanya sehemu moja ya mafuta na sehemu tano za alkoholi, maana peke yake hayachanganyiki na maji. Funika eneo dogo kwa wavu wa matundu madogo kabisa, nyunyiza chini yake, kisha okota taratibu. Mkondo ukiwa na nguvu, dawa huchukuliwa na maji kabla haijaingia nyufani, nawe unabaki na hesabu ya uongo.

Tena, usihesabu mara moja kwa mwaka. Karibu asilimia 8 ya waliopo hutoweka kila siku, wengi wakiliwa, hivyo ukirudi baada ya miezi miwili huwakuti tena wale uliowahesabu.