Kisiwa cha joto mjini: maana yake na namna ya kukipima

Mji mkubwa ukiwa na joto kuliko mashamba na misitu inayouzunguka, hali hiyo huitwa kisiwa cha joto. Mwingereza Luke Howard, mtafiti wa hali ya hewa, aliipima London mwanzoni mwa karne ya 19 akakuta usiku mji unazidi mashambani kwa nyuzi 2 hivi za Selsiasi, ilhali mchana tofauti karibu haipo. Hapo ndipo wengi hukosea: hili hasa ni jambo la usiku.

Lami na zege hunywa jua kutwa, giza likiingia hulitema polepole. Gusa ukuta wa tofali za saruji uliopigwa na jua la jioni pale Kariakoo, Dar es Salaam, saa mbili usiku: bado una vuguvugu. Anayelala nyuma ya ukuta huo hapumziki, na mwili uliokosa kupoa usiku ndio unaozidiwa kesho yake, hasa wa mzee na wa mtoto mchanga.

Kupima kunahitaji vipimajoto viwili vya aina moja. Vikae kwanza pamoja siku mbili tatu, ujue kimoja kinazidi kingine kwa kiasi gani. Kisha kimoja mjini, kimoja nje ya mji, vyote kivulini penye upepo, mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, mbali na kiyoyozi. Ukilinganisha Kariakoo na vilima vya Pugu pembezoni mwa jiji, kumbuka hewa hupoa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda. Usipoliondoa hilo utausingizia mji joto lisilo lake. Picha za setilaiti nazo husoma joto la bati, si la hewa. Bati huwaka saa nne asubuhi na kupoa mapema usiku, zege halipoi hivyo.

Tiba rahisi ni paa jeupe, lililopakwa chokaa. Chokaa huoshwa na masika na vumbi huichafua, basi ipakwe upya kila mwaka kabla ya joto la Desemba. Miti ndiyo bora zaidi, mwarobaini au mkungu, lakini mingi hufa kwa sababu moja: pevingi (matofali ya kutandaza chini) zimebanwa hadi shinani. Acha udongo wazi walau mita moja kila upande, uwe chini kidogo ya pevingi ili mvua iingie.