Kabla ya kununua kiti kipya, jizoeze kuinuka

Wengi wanaonijia kwa fiziotherapia hapa Mombasa ni watu wa kuketi: makarani wa kliaringi (wanaotoa mizigo bandarini), wahasibu, watu wa benki, mawakili. Swali lao la kwanza huwa moja: "Daktari, mgongo waniuma, ninunue kiti gani?" Kiti kizuri kinasaidia, sikatai. Lakini hakuna kiti ambacho mwili utakikalia saa nne mfululizo usidai chake. Kinachoumiza zaidi ni kutoinuka.

Nianze na miguu, maana hiyo husahauliwa. Damu hushuka miguuni bila taabu. Kupanda ndiko kwenye kazi. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya shavu la mguu. Kila unapopiga hatua, misuli hukaza na kuibana mishipa inayorudisha damu moyoni, na vali ndogo zilizo ndani ya mishipa huzuia damu isiteremke tena. Ukiketi tuli, pampu hiyo imezimwa. Ndipo jioni viatu vinabana na soksi zinaacha mchoro mguuni. Ukifika nyumbani leo, bonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, kwenye mfupa wa muundi, uhesabu mpaka kumi, kisha uachie. Kikibaki kishimo, maji yamejikusanya hapo. Kikiwapo hata asubuhi ukitoka kitandani, nenda ukapimwe, kwa sababu moyo na figo pia huweza kuleta uvimbe wa namna hiyo.

Shingo nayo ina kisa chake. Kichwa cha mtu mzima kina uzani wa kama kilo 5. Kikisogea mbele kuifuata skrini, misuli ya nyuma ya shingo hukishikilia kutwa nzima, na maumivu hushuka mpaka katikati ya mabega. Laptopu huzidisha shida kwa umbo lake lenyewe: skrini ikilingana na macho, kibodi iko juu mno; kibodi ikilingana na viwiko, skrini iko chini. Iinue juu ya katoni ya karatasi za kuchapia, kisha utumie kibodi na mausi za pembeni. Viwiko vikae karibu na mbavu, nyayo zikanyage sakafu. Basi, mengine kuhusu meza si ya kuwakosesha watu usingizi.

Habari hii ya madhara ya kuketi si ngeni. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Baadaye Morris huyo huyo alionyesha kwamba madereva walikuwa wanene zaidi tangu walipoajiriwa, kwa hiyo si kiti peke yake kilichowaponza. Namheshimu kwa kulisema hilo. Mwaka 2016 uchambuzi mkubwa uliojumlisha watu zaidi ya milioni 1 ulionyesha kwamba wanaoketi zaidi ya saa 8 kwa siku, lakini wakafanya mazoezi ya wastani kwa dakika 60 hadi 75 kila siku, hawakuwa na hatari kubwa ya kufa mapema kuliko wale wanaoketi kidogo. Dakika hizo ni nyingi kwa mtu ambaye meli imetia nanga na gharama za kuhifadhi kontena zinamnyemelea. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kukaza misuli siku 2. Hizo zinapatikana.

Jua la saa saba halikuruhusu kutembea, najua. Tembea asubuhi au jioni: unayevuka feri ya Likoni, iache tuktuk uingie mjini kwa miguu, unayeishi kisiwani, una ufuo wa Mama Ngina na upepo wake. Kazini, inuka kila nusu saa, hata kwa dakika 2. Simu ipokee umesimama. Maji yaweke mbali na meza, unywe kwa glasi ndogo, ili kiu ikuinue. Baridi ya eyakondishan huwasahaulisha watu kunywa, na wapo wanaojinyima maji makusudi wasiende msalani. Hiyo ni dhuluma kwa figo. Wanaotoka kwa adhuhuri na alasiri wanakwenda kwa ibada, siyo kwa mazoezi, lakini siku yao imeshakatwa mara mbili. Asiyeswali naye ajiwekee vipindi vyake.

Kuna maumivu yasiyongoja ushauri wa blogu. Shavu la mguu mmoja likivimba, likapata joto na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda ndani. Ukianza pia kukosa pumzi au kuumwa kifua, hiyo ni dharura. Vile vile maumivu ya mgongo yakija na ganzi sehemu za siri, au ukashindwa kuzuia mkojo, usisubiri kupambazuke.