Wadudu kwenye zabibu za kutoka nje: dhana potofu na ukweli

Dhana: Akionekana mdudu, shehena yote irudishwe.

Swali la kwanza ni mdudu gani, na je, huku tunakopokea tayari yupo? Chukua nondo Thaumatotibia leucotreta, ambaye kiwavi wake hutoboa tunda na kulila kwa ndani. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Wakulima wa waridi na pilipili hoho Kenya wanamjua fika, maana kwa Ulaya yeye ni mdudu wa karantini. Marekani nayo inazidai zabibu za Afrika Kusini zipozwe kwa baridi ili kumuua. Zabibu hizohizo zikishushwa Mombasa, nondo huyo si hoja ya kuzizuia, kwa kuwa tayari ni mwenyeji. Mdudu wa karantini ni yule ambaye hayupo, au yupo sehemu chache na anadhibitiwa rasmi. Anayepiga kelele kila akiona kiwavi hajafanya tathmini.

Dhana: Ni za kula, si za kupanda, hivyo mdudu hafiki shambani.

Anaweza, ila njia ina vikwazo vingi. Zabibu zilizooza hutupwa nyuma ya soko. Funza wa inzi wa matunda hutoka, huingia udongoni na kugeuka pupa. Akiibuka, lazima apate mwenza, kisha tunda la kutagia. Mtathmini hupima kila hatua: kuingia, kutoroka, kuzaliana, kusambaa, na hasara itakayofuata. Hatua moja ikiwa ngumu mno, hatari yote hushuka. Ndiyo maana shehena ileile haina uzito sawa ikienda mji wa jangwani na ikienda Dodoma, kwenye mashamba ya mizabibu.

Dhana: Mkaguzi hakukuta kitu, basi ni safi.

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Nchi kadhaa hukagua vipande 600 kwa kila shehena. Kama vilivyoshambuliwa ni 5 katika kila 1,000, sampuli hiyo ina uwezekano wa asilimia 95 wa kumnasa angalau mmoja. Vikiwa 1 katika 1,000, zaidi ya nusu ya mara mkaguzi ataondoka mikono mitupu, hata akiwa makini kiasi gani. Na hesabu hiyo inadhani kila mdudu anaonekana! Vidung'ata hujibanza kwenye kikonyo, katikati ya kichala kilichosongamana, wakionekana kama vumbi jeupe. Bila lenzi ya mkono na kukipanua kichala kwa vidole, huwaoni. Kwa hiyo kinga huanzia shambani, kwa mitego na usafi wa banda la kufungashia.

Dhana: Baridi ya safarini huwaua wote.

Baridi ya kuua ina masharti yake. Kwa inzi wa matunda wa Mediterania, ratiba moja ya Marekani hutaka nyuzi 1.11 za Selsiasi au chini yake kwa siku 14 mfululizo, na siku zinaanza kuhesabiwa nyama ya tunda, si hewa ya kontena, inapofika hapo. Vidung'ata huweza kuvumilia baridi ya kawaida ya kuhifadhia.